Nguva na vijini wa kwenye vitabu vya zamani: waandishi waliwabebesha watoto roho za watu

Kasha_la_Vitabu:

Wakuu salama. Uzi mrefu huu, ukiona uvivu pita zako hatugombani. Nataka tuongelee nguva na wale vijini wenye mabawa wa kwenye hadithi za watoto za Ulaya, ila sio hawa wa kwenye katuni, nazungumzia wa kwenye vitabu vyenyewe kabla Disney hawajawapaka rangi na kuwawekea nyimbo. Kuna mtu humu aliandika kwamba hadithi hizo ni za kumlaza mtoto tu hazina kitu ndani, nikasema huyu hajasoma, huyu kaangalia TV. Kilichomo mule ni kizito na kina hila. Waandishi wale wakubwa, angalau watatu ninaowajua vizuri, walikuwa na mchezo mmoja: wanachukua kiumbe cha ajabu, wanakifikisha mahali pa kufa, halafu wanamgeukia mtoto anayesoma wanamwambia haya, huyu akipotea ni juu yako. Wala sio mimi natafsiri kwa kujitanua, wameandika kabisa. Twende mmoja mmoja.

Tuanze na nguva maana huyu ndio mama lao. Mwandishi ni Hans Christian Andersen wa Denmark, baba fundi viatu, mama mfua nguo, kazaliwa Odense 1805 na akiwa na miaka 14 kaondoka kwao kwenda Copenhagen kutafuta maisha. Hadithi ya nguva mdogo kaitoa Aprili 1837, kwenye kijitabu kimoja na ile ya mfalme anayetembea uchi akidhani kavaa nguo mpya.

Mfalme wa bahari ana mabinti 6, mke kafariki, watoto wanalelewa na bibi yao mzaa baba. Bibi mwenyewe anajua cheo chake, mkiani kabandika chaza 12 wakati wakubwa wengine wa kule chini wanaishia 6. Binti akifikisha miaka 15 anaruhusiwa kupanda juu kuchungulia dunia, na ilipofika zamu ya yule mdogo bibi akamwita akambandika chaza 8 wamng'ang'anie mkia, mtoto analalamika wanaumiza, bibi anamjibu kwamba ukitaka heshima vumilia maumivu. Hapo hatujafika hata kwa mchawi, ila mwandishi kashakwambia mambo yatakavyokwenda.

Sehemu ya meli kupigwa na dhoruba na yeye kumuokoa mwana wa mfalme wengi mnaijua, na kwamba jamaa alizinduka akaona msichana mwingine akadhani ndiye mwokozi wake. Nairuka. Ambacho katuni imekiondoa ni sababu. Huyu binti hafuati bwana tu. Anamuuliza bibi yake hivi wanadamu wasipozama wanaishi milele? Bibi anamwambia wapi, nao wanakufa na maisha yao mafupi kuliko yetu, sisi tunafika miaka 300 ila tukiisha tumeisha, tunageuka povu juu ya maji hata kaburi hatuna, wao wana roho inayoendelea kuishi mwili ukishakuwa vumbi. Na nguva anaweza kuipata roho hiyo akipendwa na mwanadamu kupita baba na mama yake na wakafungishwa ndoa. Kwa hiyo anatafuta vitu viwili kwa mpigo, mwanaume na roho, na ukisoma taratibu utaona inayomnyima usingizi ni roho.

Mchawi sasa. Nyumba yake imejengwa kwa mifupa ya watu waliozama na inazungukwa na vitu nusu mmea nusu mnyama vyenye mikono inayokamata kila kinachopita. Kabla ya kupika dawa anasugua sufuria kwa nyoka aliowafunga fundo, yaani nyoka ndio stilwaya yake, kisha anajichana kifua damu nyeusi idondokee ndani. Malipo ni ulimi na anaukata kweli kweli. Miguu atakayopewa binti, kila hatua atasikia kama anakanyaga visu. Na akifika ikulu mwana wa mfalme anampenda kama mtu anavyompenda mtoto mdogo, anampa ruhusa ya kulala nje ya mlango wake kwenye mto wa mahameli. Nje ya mlango wakuu! Na yeye anaona kapendelewa.

Jamaa anaoa mwingine. Usiku wa harusi, melini, dada zake nguva wanaibuka vichwa vimenyolewa, nywele wamempa mchawi wapate kisu, wanamwambia mdogo wao mchome moyoni kabla jua halijachomoza, damu yake ikidondokea miguu yako utapata mkia wako urudi kwetu. Anasimama pale juu ya bwana na bibi harusi waliolala, kisu mkononi. Anakitupa baharini, maji yanaonekana mekundu, na yeye mwenyewe anajirusha.

Hapa wengi wanadhani hadithi imeisha, kawa povu, basi. Haijaisha. Anachukuliwa na mabinti wa hewa, viumbe visivyoonekana, wanamwambia na wewe sasa ni mmoja wetu, ukifanya wema kwa miaka 300 utapata roho yako. Halafu ndio inakuja ile aya ya mwisho kabisa ambayo mimi ndio imenifanya niandike uzi huu. Wanamwambia huwa tunapita ndani ya nyumba zenye watoto bila kuonekana. Tukikuta mtoto mwema anayewafurahisha wazazi wake tunatabasamu, na mwaka mmoja unapungua kwenye ile 300. Tukikuta mtoto mtundu mbaya tunalia, na kila chozi linatuongezea siku moja.

Rudieni tena hiyo. Mtoto kalala kitandani huko Denmark kasomewa hadithi, kamlilia nguva, na sentensi za mwisho zinamwambia kumbe ukigoma kunywa uji wako kesho nguva anaongezewa kifungo. P. L. Travers, yule mama aliyemtunga Mary Poppins, aliuponda mwisho huu waziwazi, kwake ni vitisho tu vilivyovikwa nguo nzuri.

Naendelea na vijini baadaye kidogo, mnaweza kutiririka.

Pweza_Mkavu:

Mkuu mimi nguva ninayemjua ni yule wa Rufiji na Mafia anayekula nyasi za baharini, mita 3 hivi, sura kama kiroba. Baharia Columbus mwenyewe Januari 1493 aliwaona ndugu zao huko Karibiani akaandika kwamba sio warembo kama wanavyochorwa. Sasa huyo mwana wa mfalme angeokolewa na huyu wa kwetu tungekuwa na hadithi fupi sana

Kasha_la_Vitabu:

Hahaha Pweza_Mkavu umeniua. Huyo wa kwetu naye ana hadithi yake ya majonzi maana kabakia wa kuhesabu, kundi la maana lililobaki upande huu wa bahari ya Hindi liko Bazaruto Msumbiji. Ila uzi wake ufungue wewe.

Mama_Imani:

Salamu kutoka Nakuru. Mimi nimesomea binti yangu hiyo kitabu, ile yenyewe sio ya Disney, na nikafika hapo kwa machozi na siku nikasimama. Nilifunga nikamwambia imeisha. Ako na miaka 7 na ni mtu wa kuchukua vitu serious, nilijua tu huyu ataanza kulala akiomba msamaha kwa hewa. Lakini swali langu kwa mwenye uzi, si hiyo ilikua tu malezi ya wakati huo? Karne hiyo kila kitabu ya mtoto ilikua na fimbo ndani. Kwa nini umlaumu Andersen peke yake?

Kasha_la_Vitabu:

Dada Mama_Imani hoja yako ina nguvu na nilikuwa naitegemea. Ni kweli vitabu vya watoto vya wakati ule vilijaa fimbo. Chukua Charles Kingsley, mchungaji wa Uingereza, mwaka 1863 katoa kitabu cha mtoto fagia-dohani anayezama mtoni anageuka mtoto wa majini, na mule kuna kijini mama mwenye jina refu kama treni ambaye kazi yake ni kumlipa kila mtu sawasawa na alivyowatendea wenzake. Ndani yake madaktari waliokuwa wanawamezesha watoto madawa hovyo wanamezeshwa wao. Hiyo ni fimbo ya kawaida, umekosa umechapwa wewe.

Ya Andersen ni nyingine kabisa. Ukikosa wewe anachapwa mwingine, tena yule unayempenda, tena humuoni na hujui kapita saa ngapi. Hiyo ndio naiita hila.

Na kuna kitu cha kuchekesha humo ndani. Kabla yake kulikuwa na hadithi maarufu ya Mjerumani Fouqué, 1811, ya binti wa majini anayepata roho kwa kuolewa na shujaa. Andersen alimuandikia rafiki yake mapema 1837 kwamba yeye hakutaka kufuata njia hiyo, hakutaka roho ya nguva wake itegemee mapenzi ya mtu baki, aliona ni makosa. Safi kabisa, nakubaliana naye. Halafu mtu huyo huyo akaichukua roho ile ile akaitundika kwenye tabia za watoto wote wa dunia! Kakimbia mtu baki mmoja kaangukia watu baki milioni.

Wapo wanaosema nguva asiyeweza kuongea ni Andersen mwenyewe, kwamba alimpenda rafiki yake Edvard Collin bila kuweza kusema, na Collin akaoa 1836, miezi tu kabla hadithi haijatoka. Barua zake kwa Collin zipo na zina moto. Mimi naona inaelezea ulimi uliokatwa na ule mto wa mahameli, haielezei ile aya ya mwisho.

Ustadh_wa_Makadara:

Assalaam alaykum jamaa. Nimesoma nikatabasamu kwa sababu sisi hadithi ya watu wa baharini tunayo kwenye Alfu Lela Ulela na imekwenda kinyume kabisa na hii ya Mdenmark. Abdallah mvuvi maskini, watoto tele, anashindia mkate wa kukopa kwa muokaji, siku hiyo anavuta jarife anamkuta ndani yake mtu mwenye mkia naye anaitwa Abdallah. Wanafunga urafiki, wa bara analeta matunda, wa bahari analeta lulu na vito. Kisha wa bahari anampaka mwenzake mafuta ya samaki mkubwa mmoja ili asizame, anamtembeza miji ya chini. Na kule chini yeye ndiye kituko! Watu wanamcheka hana mkia, mpaka mfalme wao anaangua kicheko anapomuona.

Wakati wa kuagana yule wa bahari anampa amana aipeleke Madina kwenye kaburi la Mtume. Njiani wanapita watu wanakula na kuimba, Abdallah wa bara anauliza kuna harusi? Anaambiwa la, kuna mtu kafariki. Akasema sisi kwetu mtu akifa tunalia na kujipiga. Abdallah wa bahari akabadilika palepale, akamwambia nirudishie amana yangu, ikiwa Mwenyezi Mungu akichukua amana yake kwenu mnalia, mimi nitawaaminije na yangu? Akamfikisha ufukweni na urafiki ukaisha hapo, akawa anamwita kila siku pale pwani asimjibu tena.

Kwa hiyo huyu wa kwetu hana shida ya roho, anayo na anamshinda mwanadamu kwa kuijua.

Kasha_la_Vitabu:

Ustadh hapo umenimaliza. Hiyo ya amana nilikuwa nimeisahau na ndio inanyoosha hoja yangu kuliko nilivyoinyoosha mimi. Kule mtu wa bahari anamhukumu mwanadamu. Huku nguva anamuomba mwanadamu, na akikosa kwa mkubwa anapelekewa mtoto. Na ile ya Abdallah haikuandikwa kwa ajili ya mtoto, ya Andersen imeandikwa kwa mtoto, mchezo wote uko hapo.

Haya vijini. J. M. Barrie, Mskoti, kazaliwa 1860. Tamthilia ya Peter Pan, yule mvulana asiyekua anayeishi kisiwani na kuruka angani, ilionyeshwa mara ya kwanza London tarehe 27 Desemba 1904, kitabu kikafuata 1911. Kijini wake Tinker Bell hakuwa msichana wa nywele za manjano mwenye gauni la kijani, jukwaani alikuwa mwanga tu, kioo kinamulika doa la mwanga linaruka ukutani, na sauti yake ni kengele. Kazi yake fundi wa kuziba vyungu na mabirika yaliyoharibika, ndio maana ya tinker. Na roho mbaya anayo! Wendy, msichana aliyeletwa kisiwani na Peter, alipowasili akiruka angani, Tinker Bell akawadanganya wavulana wanaoishi na Peter kwamba Peter kasema wamtungue, mmoja akamchoma mshale kweli. Barrie anamtetea kwa namna yake, anasema vijini ni wadogo sana kiasi kwamba ndani yao mna nafasi ya hisia moja tu kwa wakati, akiwa mbaya ni mbaya wote na akiwa mzuri ni mzuri wote. Mimi nadhani hiyo ndio fikra bora kabisa aliyowahi kuandika mtu kuhusu vijini.

Nguva nao wamo, kwenye lile ziwa la kisiwani. Wamekaa juu ya mwamba wanachana nywele kivivu, wanacheza mpira kwa mapovu yenye rangi za upinde wa mvua wakiyapiga kwa mikia, Wendy akiwasogelea wanazama wakimrushia maji makusudi. Mwezi ukigeuka wanatoa vilio vya ajabu na mahali pale panakuwa hatari kwa binadamu. Na usiku mmoja maji yanaufunika mwamba, Peter na Wendy wamechoka hoi, nguva mmoja akamshika Wendy mguu akaanza kumvuta taratibu kuelekea majini. Hana chuki wala sababu. Ukitoka kwa nguva wa Andersen anayelilia roho ukaja kwa hawa unaona kama umehama dunia.

Ila mchezo ni ule ule. Kijini kanywa sumu aliyotegewa Peter na adui yake haramia Kapteni Hook, mwanga wake unafifia, Peter anawageukia watoto waliokaa kwenye viti vya ukumbi anawaambia kama mnaamini vijini wapo pigeni makofi, msimwache Tink afe. Na kabla ya hapo wameshaambiwa kwamba kila mtoto anaposema siamini vijini, kuna kijini mahali fulani anadondoka anakufa. Sasa wewe una miaka 6, umekaa pale gizani, unaacha vipi kupiga makofi?

Pweza_Mkavu:

Mimi ningekaa kimya nione

Kasha_la_Vitabu:

Barrie alikujua Pweza. Kwenye kitabu anasema wengi walipiga makofi, wengine hawakupiga, na vitoto vichache vikorofi vikazomea. Tinker Bell alipopona hakuwaza kabisa kuwashukuru waliomuamini, ila wale waliozomea alitamani awapate.

Na nguvu ya mambo haya kwa watoto msiichukulie poa. Barrie mwenyewe kaeleza kwamba baada ya maonyesho ya kwanza wazazi walimjia juu, watoto wamerudi nyumbani wamejirusha kutoka kitandani wakijaribu kuruka hewani mpaka wengine wakapelekwa kwa daktari. Ikabidi aongeze kipengele kwamba huwezi kuruka mpaka upuliziwe vumbi la kijini. Yaani lile vumbi la kung'aa tunaloliona kila mahali leo lilianza kama kinga ya ajali.

Bintiye_Mzee:

Naomba nichangie, mimi mwalimu wa shule ya msingi huku Morogoro. Nina wasiwasi na neno "hila" mleta mada. Mtoto hupenda kupewa kazi kwenye hadithi. Nikiwasimulia darasani nikisema haya tumsaidie sungura kuvuka tupige makofi, darasa zima linapiga na wanatoka wamechangamka, hakuna anayeondoka na mzigo. Makofi ya Barrie naona ni hayo hayo, mtoto anatenda anaona matokeo papo hapo, kijini kaamka, biashara imeisha. Ya Andersen ndio mbaya kwa sababu mtoto hana cha kufanya na haoni matokeo, anabaki anadaiwa. Usiwaweke kapu moja.

Kasha_la_Vitabu:

Mwalimu heshima kwako. Tofauti hiyo naikubali nusu. Makofi kweli yanamwachia mtoto ushindi. Ila tishio la "ukisema huamini mmoja anakufa" halina mwisho wake pale ukumbini, hilo anakwenda nalo nyumbani.

Wa tatu ndio sitaki mmtetee. Carlo Collodi wa Italia, hadithi ya Pinocchio, kile kikaragosi cha mti kinachotembea, ilianza kutoka kwa vipande kwenye gazeti la watoto 1881, kitabu 1883. Kijini wake mwenye nywele za buluu siku ya kwanza anatokea kama msichana dirishani, uso mweupe kama nta, macho kafumba, Pinocchio anakimbizwa na wauaji anagonga mlango kwa nguvu, msichana anamwambia bila hata kusogeza midomo kwamba humu ndani hamna mtu, wote wamekufa. Pinocchio anamwambia basi wewe nifungulie. Anajibu na mimi nimekufa, nasubiri jeneza lije linichukue. Hiyo ni hadithi ya watoto wakuu! Na sura hiyo hiyo Pinocchio ananyongwa juu ya mti na Collodi akataka iishie hapo, ni wasomaji waliolalamika ndio ikaendelea.

Baadaye Pinocchio anatoroka toroka, anarudi anakuta pale nyumba ilipokuwa kuna jiwe la kaburi, limeandikwa amelala hapa mtoto mwenye nywele za buluu, aliyekufa kwa huzuni ya kuachwa na mdogo wake Pinocchio. Jina limeandikwa kabisa! Mtoto analia usiku kucha juu ya lile jiwe. Kisha tunakuja kumkuta yule kijini mzima kabisa, kakua kawa mama wa makamo. Mwalimu Bintiye_Mzee, hapo vipi?

Bintiye_Mzee:

Hapo sina utetezi. Huyo mama alihitaji kuitwa ofisini.

Mzee_wa_Lenzi:

Nimechelewa ila naona hamjagusa kisa cha Cottingley, na mimi mtu wa picha siwezi kukiacha. Cottingley ni kijiji karibu na Bradford, Uingereza. Mwaka 1917 mabinti wawili mtu na binamu yake, Elsie Wright miaka 16 na Frances Griffiths miaka 9 aliyekuwa ametokea Afrika Kusini na mama yake, walichukua kamera ya baba yake Elsie, ile ya sahani za kioo, wakashuka kijito cha nyuma ya nyumba wakarudi na picha ya Frances akiwa na vijini wanacheza mbele yake. Baba hakuamini hata kidogo. Walioamini ni wakubwa wa nje, na mkubwa kuliko wote ni Arthur Conan Doyle, yule aliyemtunga Sherlock Holmes! Akazichapisha kwenye jarida la Strand, toleo la Krismasi 1920, na 1922 akatoa kitabu kizima.

Ukweli ukatoka 1983 mabinti wenyewe wakiwa vibibi. Vijini ni karatasi, Elsie aliwachora akinakili mtindo kutoka kitabu cha zawadi cha watoto cha 1914, akawakata kwa mkasi wakawasimamisha kwenye majani kwa pini za kofia. Pini za kofia! Ukiangalia kitaalamu mwanga uliowapiga vijini haukubaliani vizuri na mwanga uliompiga mtoto, na wenyewe wametulia kabisa wakati maji ya maporomoko ya nyuma yametoka na ukungu kwa sababu ya muda mrefu wa kupiga picha. Elsie alisema walishaona aibu kumwambia mtu mkubwa kama Doyle kwamba ni utani. Frances alishikilia mpaka mwisho kwamba kati ya picha zao tano, ile ya tano ni ya kweli.

Kasha_la_Vitabu:

Mzee_wa_Lenzi asante sana, na angalia miaka. Doyle alimpoteza mwanaye Kingsley 1918, Vita Kuu ya Kwanza imetoka kuua vijana wa Uingereza kwa malaki, watu wanatafuta chochote cha ng'ambo ya pili. Barrie kwa miaka 10 na zaidi alikuwa amewafundisha watoto kupiga makofi ili kijini asife. Hapa watoto wamekata karatasi kwa mchezo wao na wanaopiga makofi ni wazee wenye ndevu. Na wale mabinti ndio wakabeba mzigo sasa, miaka 60 na ushee wanashindwa kusema hapana.

Mama_Imani:

Aki hiyo ya mtoto kushindwa kuambia mtu mzima ukweli ndio imenigusa kuliko nguva wote. Na Tinker Bell alipona baada ya makofi akaishi?

Kasha_la_Vitabu:

Alipona. Halafu kwenye sura ya mwisho ya kitabu Wendy anakutana na Peter mwaka mmoja baadaye anamuuliza Tinker Bell hajambo? Peter anamuuliza Tinker Bell ndio nani. Wendy anajaribu kumkumbusha wee, jamaa anasema wako wengi mno, nadhani huyo hayupo tena. Vijini hawaishi siku nyingi. Na Kapteni Hook pia kamsahau, anasema akishawaua huwa anawasahau.

Pweza_Mkavu:

Kwa hiyo makofi yote yale bure? Nilisema mimi ningekaa kimya

Bintiye_Mzee:

Hayakuwa bure Pweza. Barrie mwaka 1929 aliitoa haki ya Peter Pan yote kwa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ya London. Kule Uingereza kila tiketi ya tamthilia, kila kitabu, kuna chochote kinakwenda kwa watoto wagonjwa, na haki ilipoisha mwishoni mwa 1987 Bunge la Uingereza likatunga kipengele 1988 hospitali iendelee kulipwa mrabaha kule Uingereza bila kikomo. Kwa hiyo kuna watoto wa kweli waliotibiwa kwa sababu watoto wengine walipiga makofi. Mleta mada hiyo nayo iweke kwenye hoja yako.

Kasha_la_Vitabu:

Naiweka mwalimu, na inanikera kwa sababu inapendeza. Ila nikukumbushe Barrie alitoa hati mwenyewe kwa hiari yake akiwa mtu mzima mwenye pesa, hakumwambia mtoto wa miaka 6 kwamba usipopiga makofi wodi inafungwa. Angeacha vitisho namna hiyo na kwenye vitabu vyake tusingekuwa na huu uzi.

Kwa Mama_Imani, kama bado unataka kumsomea binti ile ya nguva, mimi ningemsomea mpaka mabinti wa hewa wanamuinua na anasikia machozi yake kwa mara ya kwanza, maana kule baharini nguva hawana machozi. Kata hapo. Akifika miaka 12 mpe kitabu asome ile aya mwenyewe na mbishane.

Mama_Imani:

Sawa nitafanya hivyo. Na huyo nguva mdogo jina lake ni nani kwa kitabu? Msichana anauliza kila siku nami namwambia Ariel.

Kasha_la_Vitabu:

Ariel ni wa Disney, 1989. Kwenye kitabu hana jina. Mwana wa mfalme hana, bibi hana, mchawi hana, hakuna mwenye jina mule ndani hata mmoja. Mwambie achague.